Darsa la Neno "Na"

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Shajara, niwie radhi. Tangu tumzike mama watoto sijakuandikia hata mstari mmoja. Sikuwa mgonjwa. Sikuwa na la kusema tu.

Leo binti yangu amepiga simu. Anataka nihamie kwake. Eti nyumba hii inanimaliza. Nimemjibu kwa uthabiti kwamba haiwezekani, nina wanafunzi. Uongo mtupu! Akafurahi, akasema Jumapili atakuja kuwaona. Basi lazima wapatikane.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mpango umeiva. Nitafundisha neno moja, bure, sebuleni: "na". Nani atasusa? Waarabu wana "wa" ya kuunganisha na "maa" ya kuandamana. Wafaransa nao wana "et" na "avec". Sisi tunayabeba yote mawili kwa neno moja, kisha tunaongeza kumiliki: nina kiti, yaani niko pamoja na kiti. Wazulu, wenye "na" kama yetu, wanatuunga mkono. Nimeyaandika yote ubaoni, nikapanga viti kumi na viwili.

Tangazo nimelibandika langoni. Jirani yangu, fundi saa, amelisoma kwa sauti na kuziruka koma zote. Baraza lake hujaa watu kila jioni, naye hajui ngeli hata moja! Ameniuliza kama chai ipo. Nimemjibu kwamba swali lake liko nje ya mada.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Saa kumi kamili nimepiga kengele na kulifunga lango kwa kufuli, kama nilivyofanya shuleni miaka yote. Anayechelewa hasomi. Ndani: mimi.

Punde, vicheko nje. Fundi saa na baraza lake zima, hata mama muuza mkaa! Nimewaeleza kupitia lango kwamba somo limeanza.

"Limeanza na nani?" akauliza mama muuza mkaa.

"Mwacheni mzee," akasema fundi, "anajisimamia mtihani."

Wakaenda zao. Nikaendelea, maana utangulizi ulikuwa umekwisha. Mwishoni nikauliza swali la marudio. Nikajibu mwenyewe. Sahihi.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Fundi amekuja kunichukua. "Njoo ukae tu, Mwalimu. Si lazima ufundishe."

Nimekwenda. Wamenipisha mahali pazuri. Mtu akasema "kiti hii". Nikajizuia. Akarudia. Nikajizuia tena. Mara ya tatu nikapiga kelele: "Hiki!" Kila mtu akakumbuka ana kazi nyumbani. Fundi peke yake alibaki, kwa kuwa baraza ni lake.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Binti amefika. Ametazama ubao, akavitazama viti. Hakuuliza wanafunzi wako wapi. Aliketi mstari wa mbele, akasema, "Haya, Baba, nifundishe."

Nikamfundisha mwanzo hadi mwisho. Kwenye kumiliki alilia. Nikamwambia mifano iliyobaki haina huzuni. Kisha akasema chumba changu kiko tayari, na wajukuu wamekwisha kugombania nani atalala na babu.

Nikamwambia kipindi kimekwisha.

Gari lake lilinguruma muda mrefu nje kabla ya kuondoka. Nililisikiliza nikiwa nimesimama ubaoni.

Kosa la juma hili nimeligundua: neno lilikuwa jepesi mno. Juma lijalo nitafundisha "kwa". Kuhusu kuhama, sijaamua. Nikikata shauri nitakuandikia, wewe kabla ya yeyote.