Kiambatisho Chenye Miguu Mitatu

Jumatatu, 3 Machi

Barua ya kuthibitishwa kazini inatoka Jumanne ijayo, Mungu akipenda na Mkurugenzi akipenda. Zimebaki siku nane za kutokosea. Naandika haya ili siku nikiulizwa niwe na kumbukumbu.

Ijumaa inakaa Kamati ya Ruzuku na Tuzo. Wahadhiri arobaini na wawili wameomba. Kazi yangu kama karani wa masjala ni kupokea fomu, kupiga muhuri na kuhakikisha kila kiambatisho kipo. Leo nimehakiki. Vitabu vipo. Santuri ya mwalimu wa muziki ipo. Ombi namba 27, la mhadhiri wa uchongaji, halieleweki. Wanafunzi humwita Mama Patasi kwa sababu patasi haimtoki mfukoni. Kwenye nafasi ya "Idadi ya kurasa" ameandika: Hakuna, ina miguu mitatu. Nilidhani mzaha. Kiambatisho: kimoja.

Hakipo!

Nimetafuta kwenye droo zote. Nimetafuta nyuma ya kabati. Mwisho nikapanda kigoda cha wageni ili nifikie rafu ya juu. Nikiwa huko juu nikaisoma fomu tena, polepole. "Kigoda cha mninga. Jina la kazi: Anayengoja."

Nikatazama chini. Viatu vyangu. Chini ya viatu vyangu, mninga.

Nikashuka. Nikavua viatu, heshima iliyochelewa wiki tatu.

Sasa naelewa ilivyokuwa. Kiti cha wageni kilivunjika, nikamwomba Afisa Ugavi kingine. Nikatoka kupeleka barua. Kumbe nyuma yangu Mama Patasi alikuja, akampa mwenzangu fomu na kuacha kigoda mlangoni. Niliporudi nikakiona, nikafurahi, nikamwandikia Afisa Ugavi barua ya shukrani. Bwana yule hakuwa ameleta chochote, lakini shukrani hakuikataa. Kesho yake alikuja na brashi, akaandika ubavuni kwa rangi nyeupe: 417. Mali ya chuo. Tangu siku hiyo kila mgeni amekikalia. Mimi mwenyewe nimekiwekea kikombe cha chai ya moto. Kuna duara.

Mama Patasi anastaafu mwisho wa mwezi. Fomu inasema ameomba mara nne na kukosa mara nne. Hii ni ya mwisho. Kiambatisho kisipofika mbele ya Kamati, ombi linawekwa kando. Kanuni ya tisa, niliipiga chapa mwenyewe.

Nimeamua. Simwambii mtu.

Jumanne, 4 Machi

Mpango: kufuta namba.

Asubuhi nilimwomba dada yangu dawa ya kutolea rangi ya kucha. Ninaishi kwake. Ni fundi cherehani na hana muda wa mafumbo. Akaniuliza, wewe mtoto, umeanza lini kupaka kucha? Nikamweleza. Akacheka mpaka akachoma kidole kwa sindano. Akasema, mdogo wangu, elimu yote ile tuliyokusomesha, unaogopa kigoda? Si uende tu kwa huyo mama umwambie samahani?

Dada haelewi maofisi. Samahani ikiandikwa inakuwa ushahidi.

Saa ya chakula nilifuta. Namba ikatoka! Ikatoka pamoja na vanishi. Pakabaki baka jeupe kama kiganja. Nilikuwa bado napuliza ili pakauke Afisa Ugavi alipoingia na daftari lake la ukaguzi wa mali. Akahesabu 415. Akahesabu 416. Akasimama. Akauliza kwa upole ni nani anayechezea mali ya umma. Nikasema rangi za siku hizi hazidumu. Akakubali kabisa, akalalamikia wauzaji, akarudi na brashi nene zaidi.

417 sasa inasomeka kutoka getini.

Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa akitazama yote. Tunamwita Nakala, maana hakuna karatasi inayopita mikononi mwake bila kutolewa nakala. Nafasi ya kudumu ni moja, sisi ni wawili. Akatabasamu. Akaniambia, bwana mdogo, ile barua yako ya shukrani ninayo, nakala mbili, safi kabisa, zinasomeka vizuri.



Jumatano, 5 Machi

Mpango mpya, na huu ni wa kitaalamu. Kigoda kitolewe kwenye orodha ya mali kwa njia halali. Kikishatoka kinakuwa si kiti tena. Kinarudi kuwa sanaa.

Kuna fomu ya kuondoa mali. Sababu zinazokubalika ni tatu: kuibwa, kuvunjika, mchwa. Kuibwa kunaleta askari. Kuvunjika kunahitaji vipande. Nikatia alama kwenye mchwa. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana leo. Nilijisikia mtu mzima.

Saa nane Afisa Ugavi alikuja mbio, jasho linamtoka. Mchwa! Masjala! Kwenye mafaili ya miaka arobaini! Kumbe fomu ile ina ukurasa wa pili. Chumba kinapuliziwa dawa ndani ya siku moja. Mali iliyoathirika inapelekwa uwanja wa nyuma wa karakana, kuteketezwa Ijumaa saa mbili asubuhi.

Kamati inakaa saa nne.

Nimejaribu kusema kwamba mchwa wenyewe ni wachache. Akasema ndivyo wanavyoanza.

Alhamisi, 6 Machi

Ofisi imefungwa kwa ajili ya dawa. Nakala amekaa uani na mafaili yake mapajani kama mama aliyeokoa watoto. Anamweleza kila anayepita nani alileta mchwa.

Mimi nikazunguka nyuma ya karakana. Kuna lundo huko la madawati yasiyo na miguu na meza zilizopasuka. Juu kabisa, Anayengoja, na kipande cha boksi shingoni: KUTEKETEZWA. Nikakivuta. Nikakikumbatia. Nikageuka.

Mama Patasi amesimama nyuma yangu na msumeno.

Sikujua kwamba mbao zake zote anazitoa kwenye lundo lile. Akaniuliza, mwanangu, hicho unakipeleka wapi? Nikajibu kwamba ninakipeleka kupunga hewa.  Akakitazama. Akaisoma 417, akalisoma boksi. Ndipo nikasema yote kwa pumzi moja, viti, shukrani, rangi ya kucha, mchwa. Nadhani nililia kidogo, lakini ilikuwa dawa ya kupulizia, ilifika hadi huko.

Hakukasirika. Ingekuwa nafuu. Alikichukua, akaketi juu ya dawati bovu, akapitisha kidole gumba kwenye lile duara. Akauliza: chai ya maziwa au ya rangi? Ya rangi. Akatikisa kichwa taratibu, kama daktari aliyepata alichokuwa akikitafuta.

Kisha akanisimulia, bila haraka. Miaka ishirini na tisa hapa chuoni. Ombi la kwanza, waliuliza kurasa ngapi. La pili, jarida gani. La tatu, kinyago chake kilirudi kikiwa kimetobolewa matundu mawili ili kiingie kwenye faili. La nne halikujibiwa. Akaja kuulizia, akasubiri saa tatu kwenye kiti chetu kibovu, akaondoka na msumari kwenye gauni. Alipofika nyumbani akachukua kipande cha mninga na kuanza kuchonga.

Akasema: mimi nilidhani watakiweka mezani wakizunguke kama maiti. Sikukichonga kitazamwe. Nilikichonga kikaliwe. Haya niambie, nani amekikalia?

Nilijua. Daftari la wageni ninaliandika mimi: nani, saa ngapi kaingia, saa ngapi katoka, anasubiri nini. Kwenye fomu yake ile nafasi ya "Faida kwa jamii" aliiacha wazi kwa sababu hakujua aandike nini. Sasa anataka mimi niandike, kisha niweke sahihi yangu, kwa jina langu.

Nikasema ndiyo. Nilikuwa bado nalia.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeandika tangu alfajiri. Wageni sitini na mmoja katika wiki tatu. Sikuwahi kuwasoma kwa pamoja. Mwenye shahada mbili za uzamivu, saa mbili, anasubiri barua ya mstari mmoja. Mjane aliyekuja kuulizia mswada wa marehemu mumewe: siku tatu mfululizo, mwisho akawa anakuja na kufuma. Mtafiti wa mbegu aliyekuja kufuatilia ruzuku ya mbegu ambazo, alisema, zimekwisha kuota zenyewe. Mwanafunzi aliyesinzia akaamka akaniuliza kama kigoda kinauzwa. Wote walikuja kutaka mtu aliye ndani ajue kwamba wamefanya kitu. Na kati yao na mlango nilikuwepo mimi, nikiwaambia wasubiri kidogo.

Kurasa tatu. Ukweli mtupu. Kisha ikafika nafasi ya sahihi.

Nilitazama nafasi ile kwa dakika ishirini. Sahihi yangu ingemaanisha karani fulani aliketisha watu sitini na mmoja juu ya ombi la tuzo. Na barua yangu ni Jumanne! Nikakumbuka tunavyotia sahihi barua zote za ofisi. Nikaandika: kny Mkurugenzi. Kwa niaba. Kalamu haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

Saa nne nikakiingiza kigoda, 417 na yote. Mwenyekiti wa Kamati ni profesa mzee wa hesabu. Akasoma kurasa tatu. Akavua miwani. Akauliza kama anaruhusiwa. Akakikalia. Akakaa muda mrefu kuliko ajenda inavyoruhusu. Akasema, mimi nimesubiri kwenye milango ya chuo hiki nusu ya umri wangu, na hakuna aliyewahi kuifikiria nyonga yangu. Kisha akamgeukia Mkurugenzi kumpongeza kwa uchunguzi makini wa wiki tatu.

Mkurugenzi akakisoma cheo chake. Akanitazama. Akaitazama Kamati, iliyokuwa ikimtazama kwa heshima mpya. Akakohoa. Akasema naam, ofisi yake imekuwa ikilifuatilia suala hili.

Hapo Nakala akaingia na barua yangu ya shukrani, nakala mbili, ili waone jinsi nilivyoita sanaa kiti. Mwenyekiti akaipokea kwa furaha. Akasema, kumbe hata tarehe ya kuanza majaribio ya kigoda imehifadhiwa! Nakala alitoka kinyumenyume.

Kila neno kwenye kurasa zile ni la kweli isipokuwa mstari mmoja, na mstari huo ni mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Ameshinda! Tuzo ya Kazi ya Ubunifu, na ruzuku ya kuchonga vingine kumi na viwili kwa milango mingine. Atavichonga akiwa amestaafu. Amesema ndipo atakapopata nafasi.

Mkurugenzi akaagiza kigoda kiwekwe kwenye kabati la vioo pale ukumbini, na kibao: Usiguse. Niliona uso wa Mama Patasi ukikunjamana. Aliyeokoa jahazi ni Afisa Ugavi. Akafungua daftari lake. Mali namba 417 imeandikishwa masjala, mlangoni, kwa wageni. Haitoki bila fomu, na fomu iliyopo ni ya mchwa, na waliopulizia dawa wameandika mchwa hawakuonekana. Mkurugenzi alibishana naye robo saa. Hakuna anayemshinda mtu mwenye daftari.

Kwa hiyo kimerudi mlangoni. Mama Patasi akaja akakikalia dakika ishirini. Nikamwandika: mgeni wa sitini na mbili. Anasubiri nini? Akasema, andika hakuna.

Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nilitia sahihi. Nikasema nilitia. Ni kweli, nilitia. Akanitazama kama anavyoitazama mbao kabla ya kuikata. Akasema, haya mwanangu.

Sijala vizuri.

Jumanne, 11 Machi

Barua imetoka. Majaribio yameongezwa miezi mitatu, mimi na Nakala sote. Mkurugenzi aliniambia faraghani kwamba nina mkono mzuri wa kuandika, hasa wa kwake, na kwamba anataka kuona mkono wangu ukoje. Nimeapa. Kuanzia leo, ukweli, papo hapo, kwa jina langu.

Nikapewa kazi ya kujaza cheti cha tuzo. Karatasi nene, muhuri wa dhahabu, sahihi ya Mkuu wa Chuo ilikwisha kuwekwa, na Mkuu kasafiri. Hafla ni keshokutwa. Nikaandika kwa herufi za kukoza, taratibu, bila kosa hata moja. Nikakiinua nikione. Kinapendeza.

"Ametunukiwa Mama Patasi."

Miaka ishirini na tisa akisubiri, na nimeandika jina la utani!

Yuko nje sasa hivi. Amekuja kupima urefu wa vigoda vipya, amekaa kwenye kile cha kwanza. Hatua nne kutoka meza hii. Ningefungua mlango nimwambie. Huenda angecheka. Huenda hilo ndilo jina analolipenda.

Nimefungua mlango. Nimepita mbele yake na cheti ndani ya koti. Nimemwamkia shikamoo, ameitikia marahaba, ameniuliza mbona nimenyooka hivyo. Nikasema mgongo.

Afisa Ugavi alikuwepo ofisini kwake. Nimemwomba fomu moja tu, ile yenye kisanduku cha mchwa.