Dakika Kumi na Tano za Mkurugenzi

Umma ulitangaziwa kwa vipaza sauti, kwa mabango, na kwa karatasi zilizobandikwa hadi kwenye milango ya vyoo vya stendi, kwamba kuanzia Jumatatu kuufurahia ufukwe wa jiji si hiari tena. Abiria wa kivuko atakaa kwenye benchi dakika kumi na tano, atatazama maji, atapunga upepo, kisha atagongewa muhuri wa kuridhika. Asiye na muhuri havuki.

Waraka huo aliuandika Mkurugenzi wa Starehe za Umma kwa mkono wake mwenyewe, na hakuuandika kwa kukurupuka. Jiji lilikuwa limejenga mabenchi arobaini ya zege mbele ya maji, na kwa miaka miwili hakuna aliyeyakalia. Watu walishuka basi, wakakimbilia kivuko, wakaenda zao kutafuta riziki. Mkurugenzi alilitafakari jambo hilo usiku na mchana, akagundua kwamba wananchi hawana nidhamu ya kustarehe.

Matokeo yalikuwa mazuri mno. Kabla wiki haijakatika, foleni ya kufurahi ilifika stendi. Kivuko kiliondoka na abiria tisa, safari nyingine wanne. Wauguzi walichelewa zamu, mafundi walikosa vibarua, na wote walipatikana ufukweni, wakitazama maji kama walivyoagizwa. Mkurugenzi aliripoti kwamba haijapata kutokea watu wengi kiasi hicho kuuona ufukwe kwa pamoja. Wizarani ripoti ilisifiwa. Akaitwa wizarani, ng'ambo ya maji, Ijumaa saa nne kamili, akaapishwe kuwa Katibu Mkuu, cheo alichokiota tangu akiwa karani wa mafaili. Waziri mwenyewe alikuwa mama asiyesubiri mtu. Kwake, aliyechelewa hukuta mlango umefungwa.

Kivuko cha mwisho cha kumwahisha kilikuwa cha saa tatu na nusu. Saa tatu juu ya alama Mkurugenzi alishuka garini, suti mpya, viatu vinang'aa kama kioo, pamoja na naibu wake na wapiga picha watatu wa magazeti aliowaalika mwenyewe. Angeweza kupitia mlango wa nyuma. Lakini kiongozi ni mfano. Akamwacha naibu ajipange foleni kama mwananchi, na yeye mwenyewe akaketi kwenye benchi la kwanza.

Mkaguzi wa benchi hilo alikuwa mwalimu mstaafu, mama mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimwamkia kwa adabu, akamwandika kitabuni kama alivyowaandika wengine, akaanza kuhesabu.

Dakika ya sita, Mkurugenzi alitupia jicho saa yake ya mkononi.

"Tunarudi mwanzo, Mheshimiwa," alisema mama.

"Mwanzo wa nini?"

"Kifungu cha tisa. Mwenye kutazama saa anahesabika hajaanza kufurahi."

Mkurugenzi alikikumbuka kifungu hicho. Alikiongeza siku ya mwisho, alipoona ukurasa umebaki na nafasi. Akakubali, akafurahi upya. Dakika ya nne jua lilimpiga utosini, jasho likamwingia machoni, akakunja uso. Kukunja uso kilikuwa kifungu cha kumi na moja.

Fundi mwashi wa benchi la pili, ndoo yake miguuni, alimwonea huruma. "Legeza mabega, mzee. Hivyo unafurahi kama mtu anayeng'olewa jino."

"Na usiyatazame maji hivyo, mwanangu," bibi muuza mayai akadakia. "Unayatazama kama unayafukuza kazi."

Foleni ikaguna. Mkurugenzi akajikaza, akafika dakika ya kumi na mbili bila dosari. Hapo kivuko kikapiga honi, naye akainuka kidogo, kidogo tu, kiasi cha kupitisha karatasi chini ya suruali. Mama alifungua ukurasa wa vifungu vya makalio.

Mkurugenzi akamnong'oneza kwamba yatosha sasa, agonge muhuri. Kwani hamjui yeye ni nani?

"Nakujua, baba, ndiyo maana naogopa. Jumanne ulimfukuza mwenzangu kwa kumpa mkewe muhuri kabla dakika hazijatimia, na mkewe ana mimba ya miezi tisa."

Mpiga picha akamwomba Mheshimiwa ainue kidevu.

Aliyeanza kucheka ni bibi wa mayai. Kicheko kikamshika fundi, kikawashika wauguzi, kikasambaa foleni nzima mpaka stendi, ambako watu walicheka bila hata kujua kisa. Mama akavua miwani, akaifuta, akauliza kwa sauti ya darasani, "Mheshimiwa, hawa wanacheka na hakuna aliyetazama saa. Niseme hawajafurahi?"

Kamera tatu ziligeuka kumtazama Mkurugenzi.

"Wagongee," akasema.

Mihuri ilianguka kama mvua ya mawe. Saa tatu na nusu kivuko kikang'oa nanga, kimejaa hadi ngazini, kwa mara ya kwanza tangu waraka utoke. Naibu alikuwemo, muhuri mkononi, machozi ya kicheko yakimtiririka. Mkurugenzi alibaki benchini, amebakiza dakika tisa.

Saa nne na robo simu yake iliita. Alikuwa Waziri. Alisema kiti hakikai tupu, hivyo amemwapisha naibu, aliyewahi. Mkurugenzi akaanza kueleza habari za vifungu, lakini Waziri alikwishaziona picha, na alikuwa na furaha kubwa. Miaka yote ya utumishi wake hajawahi kuona umma umestarehe namna hiyo.

"Mtu kama wewe hatuwezi kumhamisha," alisema. "Utakaa hapo hapo kwenye benchi, kila siku ya kazi, saa tatu mpaka saa kumi. Wananchi wanakuhitaji."

Mkurugenzi alishukuru kwa imani kubwa aliyopewa. Wapiga picha wakamwomba ashukuru tena, safari hii akitazama maji.