Springi ya Moto

Wandugu, leo nimechekwa na mutaa muzima wa Buyenzi. Wale ambao hawakuwepo wanatumiwa video.

Mi munanijua: Shabani, fundi wa magari, mugongo umeisha kwa kulala chini ya magari ya watu. Basi niliposikia Patron Deo, yule mwenye magari ya kukodisha kule Kinanira, anatafuta shofere anayejua Kiingereza, nikaenda mbio. Akaniuliza, "Kiingereza unakijua?" Nikamujibu, "Yes." (Na hilo lenyewe ni Kiingereza, kwa hiyo sikudanganya.)

Kiingereza changu nilikisomea kwenye makaratoni ya piyesi za magari zinazotoka Dubai. Filter, najua. Brake, najua. Karatoni ya resori za gari, zile chuma za kuzuia gari isirukeruke, imeandikwa SPRING, kwa hiyo spring ni resori, na hakuna profesa wa kunibishia. Patron akasema leo ni siku ya kunijaribu. Mugeni mumoja tu, mama wa Kizungu. Akirudi amefurahi, kazi ni yangu, na garaji naiaga.

Asubuhi nikavaa shati yangu ya Idi. Muke wangu Zaituni akanimwagia marashi mpaka nikapiga chafya. "Leo usiongee sana," akaniambia. Zaituni ni mutu wa akili. Shida ni kwamba huwa simusikilizi.

Nikamukuta mugeni wangu kwenye oteli. Mama wa makamo, mupole, anatembea kwa kuchechemea, magoti yanamusumbua. Kikapuni ana taulo. Taulo niliiona, wandugu, sitasema sikuiona. Nikajiambia Wazungu wana mambo yao.

Akakaa vizuri kwenye gari ya Patron, akasema, "Hot springs, please."

Hot ni moto. Springs ni resori. Resori za moto! Roho ikatulia kabisa, kwa sababu kama kuna mutu Bujumbura nzima anayejua resori za moto ziko wapi, ni mimi. Ziko kwa Saidi, muhunzi wa Buyenzi. Resori ya lori ikilala, Saidi anaitia motoni mpaka inakuwa nyekundu, kisha anairudisha kwa nyundo. Nilijiuliza tu gari ya huyu mama iko wapi.

Njiani akaniambia, "I have been waiting since spring." Nikaelewa: anangoja tangu resori yake ikatike. Nikamuonea huruma. "Sorry," nikamwambia. Akanitazama kidogo.

Kisha akashika magoti yake, akauliza, "Good?"

"Yes." (Resori nzima, gari hairuki, magoti yanapona. Hapo pia sikudanganya.)

"And the water? Is it hot?"

Water ni maji. Saidi ana ndoo ya maji ya kuzimia chuma, na chuma ikiingia, yanachemka. Nikaona huyu mama kazi anaijua! "Yes! Very hot!"

Akafurahi sana. Akaanza kuimba pole pole. Mi nikajiona tayari niko shofere wa kudumu, natoka garaji na kichwa juu.

Tukafika. Moshi, nyundo, mafuta machafu chini, miguu ya mafundi inatokeza chini ya lori. Nikamufungulia mulango kama balozi. Bahati yangu, Saidi alikuwa ndiyo anaitoa resori motoni, nyekundu kabisa.

"Madame," nikamwambia, nikaionyesha kwa mikono miwili, "hot spring!"

Saidi akaizamisha kwenye ndoo. Tshaaa! Mvuke ukajaa pale. Mama akakumbatia taulo yake. Akaangalia ndoo. Akaniangalia mimi. Akaangalia tena ndoo. Na ile ndoo, wallahi, hata bata haogi mule.

Akauliza kwa sauti ndogo, "Where do I change?"

Change najua vizuri, ni kubadilisha. Mafuta, bujii za injini, matairi. Na kazi hiyo sisi tunaifanyia chini ya gari. Nikamuonyesha chini ya lori. "There! No problem! The men will help you!"

Mafundi wakatoa vichwa, wakamupungia mama mikono.

Saidi akaweka nyundo chini. "Shabani, huyu mama anataka nini na taulo?"

"Anataka resori ya moto."

"Ya gari gani?"

"Bado sijamuuliza."

"Lahaula!" akasema Saidi, akamuita Mama Furaha. Huyu ni Mukongomani wa Uvira, anatuuziaga ndizi pale garaji, na alikaa Kampala miaka mingi, Kiingereza anakizungumza kama maji. Akaongea na mugeni maneno mawili matatu. Kisha akatua sinia yake chini, akashika tumbo.

"We Shabani! Mama anatafuta chemchemi! Yale maji ya moto yanatoka mu udongo, upande wa Rumonge! Anataka kuoga, magoti yapone! Na we umemuleta avue nguo chini ya lori?"

"Alisema spring," nikamwambia.

"Spring ni chemchemi! Tena kwao ni majira yanayokuja baada ya baridi. Tena ni kuruka."

"Na resori?"

"Na resori pia."

"Si unaona? Moja nilikuwa nayo!"

Hapo ndipo garaji nzima ikalala chini kwa kicheko. Hata mama wa watu alicheka, mpaka akajifuta machozi na ile taulo. Lakini alimupigia Patron simu. Patron akaja mwenyewe, akanyoosha mukono, nikampa funguo. Angenitukana, ningejisikia vizuri zaidi. Wakaenda Rumonge, mi nikabaki na shati yangu ya Idi.

Alasiri simu ikalia. Message ya Patron, na kwa Kiingereza: "Shabani, you are fired."

Fire najua! Imeandikwa kwenye ile chupa nyekundu ya kuzimia moto. Fire ni moto. Kwa hiyo: Shabani, we ni moto! Nikasema alhamdulillahi, mama ameoga, magoti yamepona, amenisifu. Kazi nimepata. Nikamujibu Patron pale pale, nikanunua samaki, mukeke wa kuchoma, nikawagawia na mafundi. Mama Furaha nikampa kipande kikubwa, nikamuonyesha na message.

Akasoma. Akaacha kutafuna.

"Baba," akaniambia pole pole, "hapa Patron anasema amekufukuza kazi. Bado hujamujibu, sivyo?"

Nimeshamujibu, wandugu. Nimemuandikia: "Thank you, Patron. You also."