Ndoo Inayojua Mvua

Jumatatu, 12 Mei
Nimemwambia Mzee Rwezaura, baba yake Salvina, kwamba kahawa yake italindwa kwa sibanetiki. Akauliza kama ni dawa ya wadudu. Hapana! Ni elimu ya chombo kujitazama, kuona kilipokosea na kujirekebisha chenyewe. Hata mwili unayo: joto likizidi, jasho linatoka. Mzee akasema jasho lake linatoka kwa jembe. Anakwenda msibani Bweranyange hadi Jumamosi. Kahawa ikikauka salama, nilete mshenga. Ikioza, nisikanyage kwake Kibingo tena.

Jumanne, 13 Mei
Mtambo tayari! Mvua inajaza ndoo, ndoo inashuka, kamba inavuta turubai juu ya majamvi ya kahawa. Ndoo ina tundu. Mvua ikikoma maji yanavuja, jiwe nililolifunga upande wa pili linarudisha turubai. Ndoo nimeitundika katikati ya majamvi, ipate mvua ileile inayopata kahawa. Akili hiyo! Jovin, anayemtaka Salvina pia, kaja na kigoda, eti akae kuangalia mawingu. Nimemfukuza. Ushamba mtupu.

Alhamisi, 15 Mei
Mawingu meusi upande wa Nkwenda. Salvina kauliza kama tufunike kwa mikono. Nikamwambia asiguse chochote. Matone!

Alhamisi, jioni
Ilifunika! Nikarukaruka. Kisha ikafunua. Chini ya turubai ndoo haikupata tone, ikavuja, ikaamini mvua imekoma. Na mvua inamwaga! Ikajaa, ikafunika. Ikavuja, ikafunua. Hivyo hivyo mpaka mwisho, kama mtu anayesinzia kanisani. Ningeweza kulishika turubai, lakini ningeharibu jaribio. Jovin na Salvina wakaruka uzio niliouzungushia mtambo, wakaokoa jamvi moja. Mengine yalielea. Naogopa sana.

Jumamosi, 17 Mei
Mzee karudi. Kanusa kahawa, kafuta vidole kwenye shati. Afadhali angefoka. Salvina akasema ndoo ilipaswa kukaa nje ya turubai. Ajue nini yule! Nikamweleza mzee kosa ni la mvua, haikunyesha kwa utaratibu. Akamwambia Jovin alete mshenga. Mimi nikaonyeshwa njia ya migombani.

Jumapili, 18 Mei
Nimelia. Baada ya misa shangazi Deodatha wa Nkwenda kanikabidhi kahawa yake yote, maskini, hajasikia habari. Mtambo nimeusimika tena, na safari hii kosa nimelirekebisha. Ndoo iko palepale katikati, chini ya turubai. Ila ni kubwa zaidi.