Njiwa ya Mguu Mmoja

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita

Bwana asifiwe, kaye yangu, daftari langu la siri. Leo niko na furaha kubwa. Wazee wa kanisa wamenipa kazi ya albamu! Jumapili ya tarehe 16 Pasta Ézéchiel atabariki ndoa kumi na mbili kwa mara moja, za watu waliokaa pamoja miaka bila baraka. Wengi ni wale waliokimbia vita ya Djugu. Picha zao zilibaki ndani ya nyumba, na nyumba zilichomwa. Kwa hiyo kila ndoa itapewa albamu ndogo yenye picha mpya, na mwenye kupamba ni mimi Anastasie. Si Mama Viviane. Mimi!

(Mama Viviane ni dada yangu katika Bwana. Katika korali tunasimama bega kwa bega, sauti ya pili. Anaimba kama mlango unaokosa mafuta. Ninamupenda.)

Shida ni moja tu. Yale mapambo mazuri ya kubandika, maua, tepe za dhahabu, njiwa za ndoa, yako katika duka moja tu hapa Bunia, mtaa wetu wa Lumumba. Duka la nani? La Mama Viviane. Anayaleta kutoka Kampala na bei yake inatoa machozi. Pesa ya kanisa haifiki hata paketi tatu.

Nimepiga magoti. Nimeomba. Wazo limekuja kabla sijasema amina.

Jumanne, tarehe 4

Nimenunua paketi moja. Moja! Mama Viviane aliniangalia juu ya miwani. Akauliza mbele ya wateja kama nitagawa njiwa moja kwa ndoa kumi na mbili, kila mtu ubawa wake, kama nyama ya Noeli. Watu wakacheka. Nikajibu kwa upole kwamba zingine zitakuja. Si uongo. Zitakuja.

Tena nilipata bei. Njiwa kubwa ilikuwa imekatika mguu mmoja, nikalalamika sana juu ya ule mguu, mpaka akapunguza. Mimi si mtu wa kuibiwa.

Kutoka pale, moja kwa moja kwa Jérôme, yule wa sekretaria, duka la fotokopi. Iko na mashine ya kuskani nyuma ya pazia. Unalaza karatasi, taa inapita, picha inaingia katika ordinatere, ile kompyuta yake, na hapo unaweza kutoa njiwa mia ukitaka. Moyo ulinipiga. Nilimuuliza kama si dhambi. Jérôme hata hakuinua kichwa. Akasema: Mama, ukinunua kuku, mayai ni ya nani? Ya ule aliyekuuzia?

Neno la busara sana, toka kwa kijana asiyeenda kanisani.

Taa ikapita. Karatasi ikatoka. Maua! Dhahabu! Njiwa! Nikakumbuka ile mikate mitano. Bwana aliizidisha ikalisha elfu tano, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba muokaji alikuja kulalamika.

Ndoa hizi zikiisha, Bunia iko na harusi kila Jumamosi. Nafikiri tu. Kufikiri haina shida.

Alhamisi, tarehe 6

Usingizi ulikataa. Nikaenda kwa Pasta kuuliza bila kuuliza. Nikamwambia kuna mtu, simutaji, alinunua kuku. Je, mayai ni yake? Pasta akasema ni yake kabisa, na ambariki Bwana. Nikasema asante, niko mwepesi kama unyoya. Nilikuwa nimefika mlangoni alipoita: Mama Anastasie, sikujua umeanza kufuga! Basi usitusahau.

Mimi sina kuku.

Nimepita sokoni, nimenunua trei ya mayai, nimemupelekea. Madam wake amesema ni makubwa, na kwamba watangojea ya juma lijalo.

Lakini ruhusa nimepata.

Jumamosi, tarehe 8

Karibu nife. Niko ninabandika, albamu tatu zimekwisha, njiwa zinakauka juu ya kiti. Mama Viviane akaingia! Hodi yake na mguu wake vinafika pamoja. Nikafanya nini? Nikakaa. Juu ya albamu. Nikakaa juu ya ndoa tatu za Mungu, na gundi bado mbichi.

Hakutaka kwenda. Akanywa chai. Akauliza kwa nini sirudi dukani, tarehe inakaribia. Nikasema niko ninapanga. Akasema vizuri, maana yeye ameagiza katoni nzima kwa ajili ya ndoa zetu, imefika jana, na kama mimi sinunui, nani atanunua? Hapo sauti yake ilishuka kidogo. Sikuizoea ile sauti.

Alipoaga sikuweza kusimama. Nikasema magoti. Akaniombea magoti! Kwa sauti, mikono juu ya kichwa changu, dakika nyingi. Na mimi chini yangu kunapata moto.

Alipotoka nikainuka. Albamu moja ikainuka pamoja nami.

Nimemuombea na mimi. Bwana, mupe Mama Viviane wateja. Wengine.

Jumanne, tarehe 11

Aibu. Aibu! Ngoja niandike pole pole.

Asubuhi nilikuwa juu ya moto, pikipiki ya kukodi, ninaenda kununua gundi. Tukapita nganda moja, ile ya kona, mahali pa pombe na kelele. Ukutani kuna afishi mpya, tangazo la karatasi. Chupa kubwa ya bia, na juu ya chupa, katikati ya maua YANGU, njiwa YANGU. Ninaijua. Mguu mmoja! Nikamwambia mwenye moto asimame. Njiwa ya ndoa takatifu inaalika watu kwenye bia ya Jumamosi!

Nikageuza moto mpaka kwa Jérôme. Sikusalimu. Nikamuita mwizi. Akashangaa kweli kweli. Akasema Mama, faili iko katika mashine yangu, mteja alitaka ndege, nikamupa ndege. Tena akacheka: si ni yai tu, Mama?

Kaye yangu, hapo nilipoteza akili. Nikapiga meza. Nikasema hii njiwa ni yangu! Mimi nililipa, mimi nilichagua, mimi nilileta hapa ikaskaniwa, mtu hawezi kuchukua kazi ya mwenzake na kuizidisha kama anavyotaka, huo ni wizi, wizi mbele ya Mungu! Watu walianza kusimama mlangoni. Nikaongeza sauti, kwa faida yao.

Nyuma yangu mtu akauliza taratibu: Njiwa ya nani, Mama Anastasie?

Mama Viviane! Alikuwa amekuja kufotokopi bei za duka. Alishika karatasi moja kwenye meza, akaiangalia karibu, akaweka kidole chake mahali ambapo mguu haupo. Hakupiga kelele. Afazali angepiga.

Jumatano, tarehe 12

Wazee wananiita Ijumaa. Wakisema ni wizi, ninawekwa chini ya nidhamu. Yaani benchi ya nyuma, hakuna korali, hakuna Meza ya Bwana. Na albamu hazitagawiwa, maana vitu vya wizi haviingii kanisani. Ndoa kumi na mbili! Walishaambiwa.

Mangaribi Baba Tharcisse na Mama Rébecca wakaja kutoka kwenye site, kambi ya waliokimbia, kwa miguu, kuona albamu yao. Sikupata moyo wa kuwakatalia. Mama Rébecca alifungua, akapitisha kidole juu ya picha. Akasema tangu Djugu hajaona uso wa mume wake juu ya karatasi. Mzee akamwambia asiangalie sana, ule wa karatasi hausaidii kubeba maji. Tena mama akaona njiwa. Akacheka mpaka akashika ukuta: Baba, angalia, na hii ilikimbia kama siye, muguu mumoja ilibaki mu njia!

Wakaniuliza kama wanaweza kuibeba leo. Nikasema Jumapili.

Niliposema Jumapili, sauti ilikatika. Wakafikiri ni homa. Wakaniombea. Juma hili kila mtu ananiombea.

Ijumaa, tarehe 14

Wazee walikaa upande mmoja, mimi na Mama Viviane upande mwingine, benchi moja, kama tunaimba.

Mama Viviane alisema machache. Kwamba barabara ile ya Kampala anaipita yeye, na mizigo, na barieri zote za njiani. Kwamba angeombwa, angepunguza, pengine angetoa bure. Kwamba haumii kwa sababu ya karatasi, anaumia kwa sababu dada yake alikaa juu ya karatasi ile na kunywa naye chai. (Alijua! Gundi ilinuka, alisema.)

Nikaleta mikate mitano. Niliitayarisha vizuri. Pasta akafunga Biblia yake. Akasema Bwana alishukuru mbele ya watu wote, juu ya majani, si nyuma ya pazia la Jérôme. Na vipande vilivyobaki havikutafutiwa harusi za Jumamosi. (Nani alimwambia?) Tena uso wake ukabadilika. Akauliza polepole: Mama Anastasie, ile kuku... Nikaangalia chini. Akasema: lakini mayai tulikula.

Mzee mmoja akataka nidhamu ya miezi sita. Wizi ni wizi, alisema. Hapo Muzee Josaphat, mkubwa kuliko wote, akakohoa, akafungua kitabu cha korali, wimbo wa 114, akakiweka mezani.

Unaujua, kaye yangu? Vitabu vyetu vyote vilitolewa fotokopi katika kitabu kimoja cha kununua. Kwenye wimbo wa 114, juu ya ubeti wa tatu, kumebaki picha ya kidole gumba chenye kovu, cha mtu aliyeshika kitabu. Maneno hayasomeki. Miaka yote tukifika pale tunaimba mmm, mmm, mpaka kidole kiishe.

Muzee Josaphat akaweka gumba lake pembeni ya lile gumba. Kovu mahali pamoja.

Nje mbuzi alilia.

Mwisho ni Mama Viviane aliyesema: Wale watu wapate picha zao, hawakufanya kosa lolote. Lakini huyu afute ile njiwa kwa Jérôme, aniombe msamaha hapa, na toka leo apambe na vitu alivyonunua. Wazee wakakubali haraka kabisa. Mimi napata nidhamu ya Jumapili moja tu.

Jumapili ipi? Hii.

Nikamwomba msamaha. Nililia kweli. Na yeye.

Jumapili, tarehe 16

Benchi ya nyuma. Karibu na mlango, pamoja na watoto wenye mafua. Sauti ya pili ilibaki na Mama Viviane peke yake, Mungu atuhurumie.

Ndoa kumi na mbili zilipita. Magauni ya kuazima, viatu vya kuazima. Baba Tharcisse alikosea kidole cha pete, akajaribu vyote. Albamu zikagawiwa. Mama Rébecca aliinua yake juu akageuka, akinitafuta, akanikuta huko nyuma, akaonyesha njiwa, akasimama kidogo juu ya mguu mmoja. Nililia ndani ya kitambaa.

Tena wimbo wa 114. Tukafika kwenye kidole. Kanisa lote: mmm, mmm. Pasta pia, macho chini.

Baada ya ibada Mama Viviane alikuja nyuma na sahani ya wali na nyama, akakaa nami. Akasema mwenye nganda alikuja dukani kuuliza kama ana njiwa za miguu miwili, wateja wake wanacheka. Tukacheka mpaka tukashikana.

Nimeahidi mbele ya Mungu, na mkono juu: sirudii tena.

Jumatatu, tarehe 17

Leo dhamiri yangu ni nyeupe. Nimeenda kwa Mama Viviane, nimenunua paketi mpya. Vipepeo, na pembeni maua madogo ya zambarau. Bei nzima, sikubishana hata kidogo! Alishangaa. Akanikumbatia. Akaniita dada.

Jumamosi kuna harusi ya watu waliotoka Boga, familia kubwa, meza nyingi. Wameniomba kadi.

Nimejifunza sana. Nilikosea kununua kitu kibovu, na kosa lile lilinionyesha kwa watu wote. Hivi vipepeo nimeviangalia kimoja kimoja kwenye mwanga wa dirisha. Mabawa mazima. Masharubu mazima. Hakuna atakayetofautisha kimoja na kingine.

Na Jérôme sirudi kwake kamwe. Mwizi yule. Lakini Kambale amefungua sekretaria karibu na kanisa, mashine ni mpya, na yeye ni Mkristo. Nitamwambia afute kila kitu tukimaliza. Tena vipepeo si njiwa. Wazee walisema njiwa.

Nimemwomba Bwana anizuie kama si sawa. Nimengojea jibu tangu saa sita. Mpaka sasa hajasema kitu.

Kambale anafungua kesho saa mbili asubuhi.