Jangwa Langu Nyuma ya Kalerwe

Leo nimeaibika mchana kweupe. (Sawa, jua lilikuwa linazama. Mmenielewa.)

Mnajua mimi Riziki nina studio ya picha Wandegeya, na mnajua sina maringo. (Nyamazeni.) Kwaya yetu imerekodi wimbo wa wana wa Israeli jangwani, na Mama Neema, kiongozi wetu, alitaka picha ya jalada: miamba ya ajabu ya jangwani, jua likitua. Alikaribia kumpa kazi yule mpiga picha mwenye kamera inayoruka. Nikamwambia mbele ya kwaya nzima, "Mama, jangwa niachie mimi. Jioni mtaliona."

Jangwa, Kampala hii, mvua ikinyesha kila siku! Lakini mimi ni fundi. Nyuma ya Kalerwe kuna mahali walipochimba udongo wa matofali. Ardhi nyekundu tupu, vichuguu vimesimama. Ukilala kifudifudi ukaelekeza kamera juu, kichuguu kinakuwa mlima. Nikamchukua Kaka Deo, sauti yetu ya besi, nikamvika kanzu na kumpa fimbo. Asimame mbali kidogo, awe Musa.

Vichuguu vyote vilikuwa vya kawaida isipokuwa kimoja. Kirefu, vilele viwili, kimepinda kwa maringo! Ila mtu alikuwa amekifunika blanketi kuukuu, na pembeni kuna beseni limefukiwa ardhini.

"Riziki, hii blanketi iko ya mtu," Deo akasema.

"Ni takataka, Kaka. Jua linaondoka!"

Nikalivuta. Nikaegemeza simu kwenye begi, nikaipigia kwaya nzima simu ya video ili waone fundi akiwa kazini. Nikalala chini na kamera. Mwanga wa dhahabu, mwamba unawaka, Musa ameinua fimbo.

"Hilo ndilo jangwa!" Mama Neema akapiga kelele.

Nikafungua mdomo nijisifu. Jangwa likatoka, likaniingia humo humo.

Kumbikumbi! Usoni, kwenye nywele, ndani ya blauzi. Nikaruka nyuma, mguu ukatumbukia kwenye beseni. Na Musa? Musa alitupa fimbo, akakunja kanzu ikawa mfuko, akaanza kuwadaka na kuwatafuna wabichi.

Akaja Hajati mmoja mbio, mswala bado uko kwapani.

"Wewe mama, nyabo! Nani alikuambia toa blanketi? Mimi napiga hapa vijiti tangu mchana, hii wadudu nafikiri ni mvua. Naenda swali kidogo tu, wewe nafungulia yote!"

"Samahani, Hajati. Nilitaka iwe... mwamba."

"Mwamba gani navaa blanketi?"

Nikatoa mguu kwenye beseni. (Kumbikumbi mimi nawajua sokoni, kwenye kikombe, wameshakaangwa. Sikujua wanadanganywa kwanza! Yeye ana mvua ya uongo, mimi nina jangwa la uongo. Tumekutana.)

Hajati akanirushia blanketi, kisha vijiti viwili. "Funika. Sasa piga."

Nikapiga magoti, nikawa mvua. Nilinyesha jamani! Nilinyesha mpaka mkono ukafa ganzi, Hajati akinikosoa mdundo, mpaka waliobaki wakaanza kudondoka kwenye beseni. Hapo ndipo nikasikia vicheko kutoka kwenye begi langu. Simu ilikuwa bado hewani. Kwaya nzima, sauti zote nne.

Mama Neema ameniandikia sasa hivi. Kazi ni yangu! Nilijua tu, kipaji hakijifichi. Ila picha ya jalada wameshaichagua, na si ya mwamba wala ya jua. Wameitoa kwenye ile simu ya video: mimi nimepiga magoti na vijiti vyangu, bawa la kumbikumbi linaning'inia kwenye mdomo wa chini.

Tafadhali msicheke. Na asiyeweza kujizuia acheke akiwa amefunga mdomo. Ushauri huo nautoa kwa uzoefu.