Damu Nzito Kuliko Maji Yote Niliyokunywa

Jumatatu, 14 Julai
Daktari Beryl Obuya wa Muthangari amenitia hofu. Nilimwendea kwa sababu kifua kinanibana nikipanda ngazi za ofisi. Lifti ya jengo letu la mjini imekufa tangu Pasaka, nasi tuko orofa ya sita. Nilitarajia dawa ya gesi. Wapi! Anasema mishipa mikubwa ya moyo ni safi kwenye picha. Shida ni damu yenyewe. Chembe nyekundu zimezidi, damu imekuwa nzito kama uji wa mzazi, na ikifika kwenye vile vimishipa vyembamba vinavyolisha nyama ya moyo, inajikokota. Moyo unabaki na njaa. Nitolewe mfuko mmoja wa damu keshokutwa, kisha atafute chanzo.

Nimemwambia nitafikiria. Sitafikiria! Sindano? Mimi? Damu hii imejengwa na muthokoi wa mama yangu, mahindi ya kukobolewa na maharagwe.

Kavutha, mke wangu, nimemwambia ni gesi. Ofisini pia, kimya. Bosi wetu Carolyne anachagua mkuu wa idara wiki hii. Ni mimi au Ndegwa. Ndegwa hupanda zile ngazi akipiga mbinja.

Jumanne, 15 Julai
Mpango: maji. Kitu kikiwa kizito unakiongezea maji, hata mtoto anajua. Nilimaliza mtungi kabla ya mkutano. Kosa! Niliporudi kutoka msalani kwa mara nyingine tena, Ndegwa alikuwa ameshawasilisha takwimu na Carolyne anamsifu kwa umakini. Takwimu zangu!

Kifua kimebana nikiwa nimekaa. Huenda ni wivu.

Jumatano, 16 Julai
Nimezima simu ili watu wa kliniki wasinipate. Nikamwambia mama mboga wetu hapa Kileleshwa kwamba nina shida ya damu. Akanisagia bitiruti. Nikanywa jagi zima.

Jioni, chooni: nyekundu! Damu inatoka yenyewe, bila sindano! Nikaimba. Kisha nikaogopa, nikaacha kuimba. Kavutha akabisha mlango, ikabidi nimwambie yote, kuanzia daktari.

“Baba Mutheu,” akasema, “hiyo ni bitiruti. Na watu huinywa kuongeza damu.”

Kuongeza!

Ameapa kunipeleka kliniki Ijumaa, hata kwa kunikokota.

Alhamisi, 17 Julai
Siku mbaya. Carolyne alikuwa chini ya ngazi asubuhi, Ndegwa ubavuni mwake. Nikaona nafasi. Nikawapita nikikimbia, hata nikatabasamu. Orofa ya nne, mtu akanikalia kifuani. Hakukuwa na mtu. Jasho baridi, macho giza, mkono umeng'ang'ania chuma cha ngazi.

Ndegwa akanifikia. Nikamwambia nafunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

“Kivuva, kaa chini. Wacha mchezo.”

Akaketi nami kwenye vumbi na suti yake nzuri, akanipepea na faili, akampigia Kavutha. Carolyne alipita kwenda juu kuita gari. Nilimchukia Ndegwa kwa upole wake. Halafu nikadhani nakufa, nikamshika mkono wa koti nisiachie.

Hospitalini wamepima. Moyo haujaumia. Umeonywa, wakasema. Wamenilaza hadi kesho.

Ijumaa, 18 Julai
Kutoka hospitalini Kavutha amenipeleka moja kwa moja kliniki. Daktari Obuya hakunigombeza. Hilo ndilo lililonitisha. Alisema tu kwamba vimishipa vile havionekani kwenye picha, lakini moyo unavitegemea, na damu ikizidi kuwa nzito inaweza kuganda.

Sindano ilipokuja nikafumba macho. Kavutha akanishika mkono. Nikamwuliza kama ataolewa tena nikifa. Akasema kwanza atapumzika.

Imekwisha! Mfuko umejaa, mwekundu mno, karibu mweusi. Nilipokanyaga ngazi za kliniki, polepole, hakuna kilichonibana. Nikalia kidogo. Kavutha naye akalia, akasema ni baridi ya Julai.

Niendelee kumeza vidonge, nirudi kupimwa, nisijitwike makubwa. Nimeahidi kila kitu.

Jumapili, 20 Julai
Ndegwa ndiye mkuu wa idara. Alinipigia mwenyewe kuniambia, sauti imejaa huruma. Huruma! Nimempa hongera kwa meno.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Baada ya ibada, mzee Gichuru wa Loresho, kiongozi wa kikundi cha wanaume, ametangaza safari ya Mlima Kenya. Akasema huko juu hewa ni nyepesi ajabu. Nikasimama palepale. Hewa nyepesi, damu nyepesi! Mbona daktari hakulifikiria?

Kavutha amepekua simu yake, anasema hewa ikipungua mwili hutengeneza damu zaidi, na eti nimpigie kwanza Daktari Obuya. Mtu akisoma sana kwenye simu anakuwa na wasiwasi.

Nimejiandikisha wa kwanza. Nimemwomba Gichuru anilaze kwenye kambi ya juu kabisa, wiki nzima. Ndegwa naye yumo kikundini, lakini yeye atalala ya chini.